Madini yanaota kwenye seli za saratani hata bila polima: kinachoziua ni nini hasa?

kisima_96

Wakuu, salaam. Swali la maabara, kwa wanaofahamu madini na seli.

Wazo ni kuua seli ya saratani kwa kuivika ganda la madini badala ya kuipa dawa ya sumu. Folati (vitamini ya kundi B) inanasa kwenye vipokezi vyake, ambavyo aina nyingi za saratani huvijaza juu ya utando wa seli. Vikundi vya kaboksili vinavuta kalsiamu, kalsiamu inakutana na fosfeti, na kalsiamu fosfeti inaota palepale. Njia hii ilichapishwa 2016 na kundi la Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, likitumia HeLa (seli za saratani ya mlango wa kizazi). Hapa nimeongeza polima ya asidi ya poliglutamiki iliyofungwa folati ili vikundi vya kaboksili viwe vingi zaidi.

Mpangilio:

- HeLa 8,000 kwa kisima, sahani ya visima 96, RPMI 1640 (midia ya kukuzia seli) yenye seramu ya ndama 10%, CO2 5%. A549 (seli za saratani ya mapafu) ni za ulinganisho kwa kuwa zina vipokezi vichache mno vya folati.
- Kesho yake polima 50 µg/mL kwa saa 4, kisha kuosha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) mara mbili.
- CaCl2 ndani ya RPMI ileile hadi 10 mM, saa 48.
- Kuosha kwa PBS, formalini, alizarini nyekundu 2% (rangi inayoshika kalsiamu). Sahani ya pili inakwenda MTT (kipimo cha seli hai).

Visima vyenye polima vinakuwa vyekundu sana na seli zinakufa. Ila visima visivyo na polima navyo ni vyekundu, seli zake nazo zinakufa karibu sawa, na A549 hazina tofauti na HeLa. Je, polima haifanyi kazi, au mpangilio ndio mbovu? Na nitathibitishaje kwamba kinachoua ni madini?

---

apatiti

Mkuu, kabla ya kuilaumu polima, piga hesabu ya kilichomo kwenye chupa ya RPMI.

RPMI 1640 ina fosfeti nyingi na kalsiamu kidogo: fosfeti kama 5.6 mM, kalsiamu 0.42 mM. DMEM, midia nyingine ya kukuzia seli, ni kinyume, kalsiamu 1.8 mM na fosfeti 0.9 mM. Sasa zidisha kalsiamu kwa fosfeti. Damu ya mtu mwenye afya inatoa kama 2.5 hivi (mM kwa mM). Madaktari wa figo huanza kuhofia mishipa kuota madini zao hilo likivuka 4.4 hivi. Wewe umefikisha kalsiamu 10.4 mahali penye fosfeti 5.6, yaani 58. Hapo huhitaji polima, wala folati, wala seli. Mmumunyo wenyewe unatema mashapo, yanatua juu ya chochote kilicho chini, na alizarini inayapaka rangi bila kuuliza yametoka wapi.

Hakikisha hivi: mimina RPMI na seramu kwenye visima vitupu, weka CaCl2 yako, rudisha kwenye inkubeta, pima ukungu kila saa kwa nm 650. Usipime 430 wala 560, kwa sababu fenoli nyekundu inafyonza mwanga huko na rangi yake inabadilika pH ikibadilika. Utadhani unapima mashapo kumbe unapima pH. Kisima kitupu kikipata ukungu, jaribio lote la saa 48 halina maana kwenye kiwango hicho.

La pili ni folati. RPMI ina asidi ya foliki 1 mg/L, sawa na 2.3 µM. Kipokezi cha folati kinashika folati kwenye viwango vya nanomola. Kwa hiyo polima yako inabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kujaa wageni. Inauzwa RPMI isiyo na folati. Zoesha seli humo wiki moja au mbili kabla ya jaribio, na ile folati kidogo ya kwenye seramu itazitosha kuishi. Kisha ongeza kisima cha ushindani: asidi ya foliki huru 1 mM, nusu saa kabla ya polima. (Haiyeyuki vizuri kwenye maji ya kawaida. Iyeyushe kwanza kwenye bikaboneti ya sodiamu, kisha rekebisha pH.) Kunasa kukipungua hapo, ndipo useme polima inalenga kipokezi.

La tatu, acha kabisa kuosha kwa PBS katika kazi hii. PBS ya kawaida ina fosfeti 10 mM. Ikikuta kalsiamu iliyobaki kisimani, mnatengeneza madini mapya wakati wa kuosha, na hayo ndiyo vumbi jeupe linaloonekana sawasawa kila mahali. Tumia NaCl 150 mM na HEPES 20 mM (bafa isiyo na fosfeti), pH 7.4. Formalini vilevile: ile inayoitwa ya kawaida isiyo na tindikali imewekewa bafa ya fosfeti, na isiyo na bafa kabisa ina tindikali inayoyayeyusha madini. Afadhali ethanoli 70% ya baridi kali kwa saa moja, au formalini yenye HEPES. Usitumie Tris pamoja na formalini, maana Tris ni amini na formaldehaidi inaikamata.

La nne dogo, ila linaharibu sahani nyingi: sahani ikikaa mezani CO2 inatoroka na pH inapanda, hasa DMEM yenye bikaboneti 44 mM. pH ikikaribia 8, fosfeti inakuwa tayari zaidi kushikana na kalsiamu na mashapo yanaanza. Ukiona visima vya pembeni vina madini mengi kuliko vya katikati, shuku hilo kwanza, pamoja na maji kukauka pembeni.

---

kisima_96

Asante sana mkuu, hapo kwenye folati ya RPMI nimeshika kichwa. Sasa nichague kiwango gani cha kalsiamu?

---

apatiti

Usichague kwa kubahatisha, tafuta dirisha. Unataka kiwango ambacho mmumunyo peke yake unabaki safi kwa muda wote wa jaribio, lakini ukikuta sehemu ya kuanzia fuwele, unaota. Kemia yote ya jambo hili ni hiyo. Kuanzisha fuwele katikati ya maji ni kazi ngumu. Kuiendeleza juu ya kitu kilichokwisha kuanza ni rahisi. Polima ina faida katika pengo lililo kati ya hayo mawili tu. Chini ya pengo haifanyi kitu, juu yake haina maana kwa sababu kila kitu kinaota.

Chukua DMEM isiyo na folati wala fenoli nyekundu, HEPES 25 mM, pH 7.4. Panga kalsiamu kwa safu: 1.8, 3, 4, 5, 6, 8 mM. Panga seramu kwa nguzo: 0, 2, 10%. Kila kisima mara tatu, na seti nyingine kama hiyo yenye polima iliyokaushwa chini ya kisima. Soma ukungu saa 0, 1, 2, 4, 8, 24, 48. Mwisho chota mmumunyo wa juu na upime kalsiamu iliyobaki, kwa sababu tabaka jembamba lililoganda chini halionekani kwa ukungu.

Utaona dirisha linahama kufuatana na seramu, na watu wengi hawalitarajii hilo. Seramu ya ndama imejaa fetuini-A, protini ambayo kazi yake mwilini ni kuzuia madini yasiote ovyo. Inazikamata mbegu za kalsiamu fosfeti zikiwa changa, inazifunga kuwa chembe ndogo zinazoelea, hazitui. Kwa hiyo kwenye seramu 10% unaweza kuona mmumunyo umebaki safi ukadhani hakuna kilichotokea, kumbe kalsiamu imeshafungwa kwenye chembe hizo. Seli zinazimeza. Hilo nalo linaweza kuziua, lakini si ganda.

Binafsi ningefanya hatua ya madini kwenye seramu 0 hadi 2%, kwa vipindi vifupi vya saa mbili mbili, nikibadilisha mmumunyo kila mara, badala ya kuziacha saa 48 kwenye maji yaleyale. Madini yanapoota yanatoa tindikali. Haidroksiapatiti (kalsiamu fosfeti yenye fuwele, kama ya mfupa) moja ikiundwa kutoka kwa kalsiamu kumi na haidrojeni fosfeti sita, zinatoka protoni nane. Kwenye kisima cha mikrolita 100 bafa inalemewa upesi, pH inashuka, na kuota kunajizima kwenyewe.

---

bi_hadubini

Naongezea upande wa vipimo, kwa sababu hata ukirekebisha maji yako, vipimo vyenyewe vitakudanganya.

MTT: chembe za madini zinatawanya mwanga kwenye 570, na DMSO (kiyeyusho) inayeyusha formazani (rangi ambayo seli hai huitengeneza kutoka MTT) tu, madini yanabaki. Kisima chenye madini mengi kinasoma juu kana kwamba seli ni nyingi. Upande wa pili, ganda linang'oka wakati wa kumwaga midia na kuondoka na seli zake, kipimo kinasoma chini. Makosa mawili yanayovutana, na huwezi kujua lipi limeshinda. Mimi naona MTT iachwe kabisa hapa.

LDH: kimeng'enya kinachovuja seli inapokufa kinanata kwenye kalsiamu fosfeti, kama protini nyingi zinavyonata. Kipimo kinaonyesha vifo vichache kuliko vilivyopo.

Ile rangi ya kijani ya seli hai, kalseini-AM, ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Ndani ya seli inakatwa na kuwa kalseini. Kalseini ni rangi ileile inayotumika kupaka mfupa mpya, yaani inashika kalsiamu ya kwenye madini! Ikivuja kutoka kwa seli zinazokufa, au ikiwa imeshakatika kwenye chupa, inalipaka ganda kijani. Unapiga picha nzuri ya seli "hai" zilizojipanga kama shanga, kumbe ni maganda matupu. Ukilazimika kuitumia, weka kisima cha madini pasipo seli kwenye sahani hiyohiyo, na tazama umbo: seli hai inang'aa mwili mzima na kiini chake hakijapakwa rangi nyekundu ya seli zilizokufa, ganda linang'aa pembeni tu, lina chengachenga.

Kipimo ninachokiamini ni cha makoloni. Baada ya matibabu, ondoa madini kwa EDTA 5 mM ndani ya HEPES na NaCl, dakika 10, kisha osha, ng'oa seli kwa tripsini, hesabu, panda 500 kwa kila kisima cha sahani ya visima 6, subiri siku 10, paka kristali ya zambarau, hesabu makoloni yenye seli 50 na zaidi. Seli iliyofunikwa inaweza kulala tu bila kufa. Ukiivua ganda nayo ikaota koloni, basi ulikuwa umeifunga blanketi. Seli zisizotibiwa nazo zipitishwe kwenye EDTA hiyohiyo.

Kuhusu alizarini: iwe 40 mM, yaani 1.4% hivi, chini ya hiyo 2% yako, pH 4.1 hadi 4.3, dakika 20. Chini ya hapo madini yanaanza kuyeyuka, juu yake rangi inashika kila kitu. Na alizarini inakwambia kalsiamu ipo, basi. Fon Kossa (upakaji wa fedha) inakwambia fosfeti au kaboneti ipo. Hakuna kati ya hizo inayosema "haidroksiapatiti". Kwa hilo unahitaji XRD (mionzi ya X inayosoma mpangilio wa fuwele): kilele cha 25.9° na kingine karibu 31.8° kwa mionzi ya shaba. Ukikuta 29.4° kilele kikali, hiyo ni kalisiti, yaani kalsiamu imekutana na bikaboneti. FTIR (kipimo cha mwanga wa infraredi) nayo: fosfeti yenye fuwele inatoa vilele viwili vilivyoachana, 560 na 600 hivi. Ikiwa ni mlima mmoja mpana, bado haijawa fuwele. Usikaushe sampuli kwenye oveni kabla ya hapo. Ile isiyo na fuwele hubadilika ikiwa na unyevu na joto, na utapima kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Suuza kwa ethanoli, kisha kausha kwa kugandisha.

---

apatiti

Nitofautiane kidogo nawe dada kuhusu MTT. Ukiyeyusha formazani, ukaizungusha sahani kwenye mashine ya kutenganisha, ukahamisha mmumunyo wa juu kwenye sahani mpya na kupunguza humo usomaji wa 650, bado inafaa kuchuja viwango vingi kwa haraka. Ila kwa hitimisho, sawa, makoloni.

Sasa lile swali la "ni madini au ni kalsiamu". Kuna wauaji watatu ndani ya kisima kimoja na lazima uwatenganishe.

Wa kwanza ni kalsiamu yenyewe. Ndani ya seli kalsiamu huru ni kama nM 100, nje ni zaidi ya 1 mM, tofauti ya mara elfu kumi. Utando ukijeruhiwa kidogo inamiminika, mitokondria zinaimeza, ATP inaisha. Mtenganishe kwa kisima chenye kalsiamu ileile lakini fosfeti sifuri: seli zikifa vilevile, madini hayahusiki. Weka pia MgCl2 kwa kiwango hichohicho, na NaCl iliyosawazisha osmosi (CaCl2 10 mM inaongeza kama mOsm 30, hivyo NaCl 15 mM).

Wa pili ni chembe zilizomezwa. Seli inameza chembe ndogo za apatiti, zinaingia kwenye lisosomu yenye pH 4.5 hadi 5, zinayeyuka, kalsiamu inafumuka kutoka ndani. Hapa unatengeneza chembe nje, uzito uleule wa kalsiamu ulioupima kwenye visima vyenye polima, unazimwaga juu ya seli. Zikiua sawa na polima yako, huna haja ya hadithi ya ganda. Una chembe tu.

Wa tatu ndiye unayemtafuta: ganda lililoota juu ya utando. Huyu anabaki baada ya kuwatoa wale wawili, na anatakiwa aonekane kwenye hadubini ya elektroni kama tabaka linalofuata mkunjo wa utando, si vipande vilivyotua juu.

Angalizo moja la HeLa. Ukiamua baadaye kutumia fosfatezi ya alkali (kimeng'enya kinachokata na kuachia fosfeti) kuzalisha fosfeti palepale (mfano kwa beta-gliserofosfeti), jua kwamba HeLa zinatoa ile ya kondo la nyuma, tofauti na ya mifupa iliyomo kwa wingi kwenye Saos-2 (seli za saratani ya mfupa). Levamisoli inazuia ya mifupa, ya kondo haiigusi sana. Ya kondo huzuiwa na L-fenilalanini. Mtu akiweka levamisoli kwenye HeLa, akaona madini bado yanaota, akahitimisha kimeng'enya hakihusiki, amejidanganya. Na beta-gliserofosfeti 10 mM kwenye Saos-2 ni nyingi mno: kimeng'enya kinaikata na kumwaga fosfeti mpaka mmumunyo mzima unatema.

---

mwanasaratani_K

Nimefuatilia. Naleta upande wa mgonjwa, kwa sababu mpangilio wa sahani unapendeza kuliko uvimbe ulivyo.

Kwanza tindikali. Nje ya seli za uvimbe mgumu pH mara nyingi ni 6.5 hadi 6.9. Kalsiamu fosfeti, hasa isiyo na fuwele, inayeyuka upesi zaidi hapo. Ndiyo maana wengine wanaitumia kama kibebeo kinachoachia dawa ndani ya uvimbe! Kitu kimoja, ahadi mbili zinazopingana. Rudia dirisha lako kwenye pH 6.7, kwa CO2 5% bikaboneti ikishushwa hadi karibu 5 mM unafika hapo. Polima isiyootesha madini kwenye 6.7 haitaotesha ndani ya uvimbe.

Pili, madini si adui wa saratani kila mahali. Kwenye matiti, vichengachenga vya kalsiamu oksaleti huambatana zaidi na uvimbe usio wa saratani, wakati vya haidroksiapatiti vinapatikana kwenye wa saratani na usio wa saratani. Na fuwele za haidroksiapatiti zikiwekwa kwenye seli za saratani ya matiti maabara, zimeonekana kuchochea seli kugawanyika na kutoa vimeng'enya vinavyokata tishu. Kiasi na mahali ndiyo kila kitu: ganda zima linaweza kuua, fuwele chache zilizotapakaa zinaweza kuchochea. Kwa hiyo pima pia kipimo cha chini, usitazame cha juu tu. Visima vyenye madini kidogo, je, seli zinaongezeka kasi kuliko zisizotibiwa?

Tatu, mambo mawili yaliyokwisha kuwafikia wagonjwa yanafundisha. Radiamu-223 iliidhinishwa 2013 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa kwenye mifupa. Mwili unaiona kama kalsiamu, unaiweka kwenye madini mapya yanayoota kuzunguka uvimbe, na mionzi yake ya alfa haifiki hata mikromita 100. Dozi ni kBq 55 kwa kilo, kila wiki 4, mara sita. Katika jaribio kubwa wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.9 dhidi ya 11.3. Hapo madini ni anwani, muuaji ni mionzi. Halafu kuna kalsiamu ya kuchomwa kwenye uvimbe wa ngozi pamoja na mipigo ya umeme inayotoboa utando wa seli, kazi iliyoanzia Denmark: kloridi ya kalsiamu 220 mM, mipigo 8 ya mikrosekunde 100. Jaribio lililochapishwa 2018, uvimbe 37, lilionyesha mwitikio 72% kwa kalsiamu na 84% kwa bleomisini (dawa ya saratani). Pale hakuna ganda. Seli inakufa kwa kukosa ATP. Mtu anayedai ganda lazima aonyeshe limezidi hilo, maana kalsiamu tupu ikisaidiwa kuingia ndani tayari inafanya kazi.

---

msomaji_tu

Samahani wataalamu, naingilia. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani akinywa vidonge vya kalsiamu kwa wingi, uvimbe unaweza kuganda?

---

mwanasaratani_K

Hapana, ndugu. Kalsiamu ya damu inalindwa na homoni ndani ya kipande chembamba, kama 2.2 hadi 2.6 mmol kwa lita, na ikizidi, figo na mifupa ndivyo vinavyobeba mzigo, si uvimbe. Saratani nyingi zenyewe hupandisha kalsiamu ya damu, ikivuka 3.5 ni dharura: kuchanganyikiwa, figo kugoma, moyo kupiga ovyo. Vidonge avitumie kwa kipimo alichopewa na daktari wake tu, mfano anapotumia dawa za mifupa zinazoshusha kalsiamu.

---

kisima_96

Shukrani nyingi wakuu. Mawili ya mwisho. Nataka kuonyesha kwanza kwamba polima peke yake inaotesha apatiti kwenye SBF (mmumunyo unaoiga chumvi za majimaji ya mwili). Kuna mitego? Na nikifika kwenye panya, nini kinaharibika?

---

apatiti

SBF ya Kokubo, lita moja: chombo cha plastiki kisicho na mikwaruzo, maji safi mL 700, joto 36.5, yakikorogwa muda wote. Kwa mpangilio huuhuu, kila kimoja kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata: NaCl g 8.035, NaHCO3 g 0.355, KCl g 0.225, K2HPO4 yenye maji matatu g 0.231, MgCl2 yenye maji sita g 0.311, HCl ya 1 M mL 39, CaCl2 g 0.292, Na2SO4 g 0.072. Kisha Tris g 6.118, kidogo kidogo kama chumvi ya mchuzi, pH isipite 7.45. Malizia kwa HCl hadi 7.40, jaza hadi lita moja.

HCl inatangulia CaCl2 kwa sababu bila tindikali kalsiamu ikiingia inakuta fosfeti na bikaboneti zinaisubiri. Ukimwaga Tris yote kwa mkupuo, sehemu inapotua pH inaruka na mashapo yanaanza hapo. Ukiona ukungu mwaga yote, usichuje ukaendelea. Na elektrodi ya pH uisawazishe kwenye joto hilohilo: Tris inashuka kama 0.028 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo 7.40 ya nyuzi 25 inakuwa kama 7.1 kwenye 36.5. Iweke kwenye nyuzi 5 hadi 10, itumie ndani ya siku 30. Ujazo wa SBF kwa mL ni eneo la sampuli kwa mm mraba ukigawanya kwa 10.

Ila SBF haina protini hata moja. Polima kuota apatiti humo kunaonyesha ina uwezo wa kuanzisha fuwele, hakusemi kitu kuhusu damu yenye fetuini. Rudia kwa kuongeza seramu 10%.

---

bi_hadubini

Kwa panya: kloridi ya kalsiamu ikivuja chini ya ngozi inaozesha ngozi yenyewe, na donda linaweza kuonekana kama uvimbe uliopungua. Kundi la kalsiamu pasipo polima ni la lazima. Kupima kwa kalipa nako hakutoshi, kwani uvimbe ulioota madini unabaki mgumu na saizi yake hata seli zikiwa zimekufa. Tumia mikro-CT pamoja na upakaji wa seli zinazogawanyika. Pima kalsiamu ya damu, na angalia figo, moyo na ukuta wa aota kama vimeota madini.

Na mwambie fundi wa tishu mapema, kwa maandishi, asiondoe kalsiamu. Kwa mazoea, kipande kigumu kikifika kinatumbukizwa kwenye EDTA au tindikali ili kikatike vizuri, na ushahidi wako wote unabaki kwenye beseni. Omba vipande vikatwe bila kuondolewa kalsiamu, ndani ya resini au vilivyogandishwa, na kwenye kila uvimbe paka vipande vinavyofuatana: kimoja fon Kossa, kinachofuata rangi ya kawaida, ili uone kama seli zilizokufa ziko pale madini yalipo au ziko katikati ya uvimbe, ambako zingekufa tu kwa kukosa damu.